Mashine ya Lisekese Isiyotetemeka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake mnakiona pale na kitambaa chake cheupe, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye yuko njiani tangu juzi, Waheshimiwa Wenyeviti wa vijiji, na wale waliowahi kuwa Wenyeviti na bado wanapenda kuitwa hivyo, Mchungaji, Sheikh, Ndugu Walimu mliotoka Chidya kwa baiskeli, Ndugu Wafanyabiashara wa Soko Huria, ambao zamani tuliwaita walanguzi na leo tunawaita wadau, akina mama wa Lisekese mliopika, akina mama wa Mkunya, ambao sikumbuki kuwaalika ila nawaona mmekaa mstari wa mbele, wananchi wote mliosimama juani kwa hiari yenu, na mimi mwenyewe, Yeremia Chilumba, Kaimu Mratibu Msaidizi Mwandamizi wa Kamati ya Mageuzi ya Vipuri, Ukanda wa Nyanda za Makonde na Tambarare Zake.

Asalaam aleikum. (Waaleikum salaam.) Bwana Yesu asifiwe. (Amina.) Soko huria oyee! (Oyee, kutoka kwa wafanyabiashara watatu walioketi kivulini.)

Nawashukuru kwa kunishangilia kabla sijasema neno. Hiyo ni dalili ya imani.

Ndugu wananchi, tunaishi katika kipindi cha mageuzi. Milango imefunguliwa. Sabuni sasa zipo za rangi zote, redio zipo, za kanda moja na za kanda mbili, mitumba inashuka Masasi kwa marobota, na kila mtu yuko huru kuuza kile alichonacho kwa yule ambaye hana uwezo wa kukinunua. (Kicheko.) Lakini katika uchunguzi wangu wa kina, ambao niliufanya nikiwa nimeketi, niligundua kwamba katika vyote vilivyoingia, vipuri havikuingia. Mashine zetu za kusaga zinakufa moja moja kwa kukosa kidude kisichozidi kiganja. Nikajiuliza, Yeremia, utanyamaza? Nikajijibu, hapana, nitaitisha semina. Nikaitisha semina. Baada ya semina nikaitisha warsha ya kutathmini semina, na katika warsha hiyo, mara tu baada ya chakula, tukafikia azimio la kihistoria: vipuri tutavichonga wenyewe! (Makofi.) Na ndiyo maana leo, katika bohari hili ambalo zamani lilikuwa na korosho na baadaye likawa na popo, nyuma yangu, chini ya turubai hili la buluu, imesimama mashine ya kuchonga chuma ya kwanza katika ukanda wetu!

(Makofi marefu. Popo wawili wanaruka. Sauti ya mama mmoja kutoka mstari wa mbele: "Shikamoo, Bwana Mratibu.")

Marahaba, marahaba. Nani huyo? Ah, Mama Lois. Maswali mwishoni, mama.

("Si swali. Ni gia.")

Mwishoni, mama, mwishoni. Kwa wale wasiomfahamu, huyu ni Bibi Dominika, Mama Lois, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mkunya wenye mashine ya kusaga makopa ya muhogo na mahindi. Injini ya mashine yao ilivunjika gia, meno mawili, na Mama Lois kwa uzalendo wake akaniletea gia ile ili kituo chetu kimchongee mpya. Niliipokea kwa mikono yangu miwili, mbele ya mpiga picha.

("Mikorosho ilikuwa haijatoa maua," anasema Mama Lois. "Leo korosho ziko ndani ya magunia.")

Mnaona uvumilivu wa wananchi wetu? Mpigieni makofi.

(Makofi machache. Mama Lois anabaki amesimama. "Baba Mratibu, sina shida na makofi. Fundi wa Mtwara anasema atanikatia gia mpya akiiona ile ya zamani, ahesabu meno, apime. Bila ya zamani hawezi. Na mwisho wa mwezi huu, kama mashine haisagi, kijiji kinampa mfanyabiashara jengo letu. Jengo tulilolifyatulia matofali sisi wenyewe. Naomba gia yangu tu. Lori la Marko liko hapo nje, linapanda Newala na kwenda Mtwara leo." Nje, kama vile limesikia linatajwa, lori linapiga honi.)

Nimekusikia, mama, na lori nimelisikia. Hoja yako imo ndani ya hotuba, ukurasa wa saba. Sasa niko wa pili.

Ndugu wananchi, mtu asiyesoma ataniuliza: mashine ya kuchonga chuma ni nini? Nitamjibu kwa lugha nyepesi. Ni mashine yenye kisu kinachozunguka, na chini yake meza inayotembea. Chuma unakifunga mezani, kisu kinazunguka, meza inatembea, na pale kisu kinapopita chuma kinaondoka. Basi. Lakini hapo ndipo wenzetu wa nchi nyingine walipokwama kwa miaka mingi, kwa sababu walidhani siri iko kwenye kisu. Mimi nikasema hapana. Siri iko kwenye njia! Kisu kinaanzia wapi, kinageukia wapi, kinatokea wapi. Kitaalamu jambo hili linaitwa optimaizesheni ya tulupathi, yaani kukichagulia kisu njia iliyo bora, na ninaomba wote mseme pamoja nami: optimaizesheni!

(Umati unajaribu. Mzee mmoja anakohoa katikati ya neno na kuliacha hapo.)

Vizuri sana. Wangapi hapa wameshuka kutoka Newala kwa gari? Nyoosheni mikono. Mnaijua ile barabara inavyoteremka ukingoni mwa nyanda. Haishuki wima kama ndoo kisimani. Inazunguka, inalala upande, inakwenda kidogo kidogo. Dereva anayeifahamu hafiki kwenye kona kwa kasi halafu akakumbuka breki. Anaijua kona kabla haijafika, anaizunguka kwa upana, na magunia ya korosho huko nyuma hayajui hata kama kulikuwa na kona.

("Si Marko huyo!" anasema mtu. Kicheko kikubwa. Honi inalia tena, mara hii kwa hasira.)

Sasa kisu nacho ni hivyo hivyo. Kisu kinachotumbukizwa ndani ya chuma wima kinavunjika. Kisu kinachofika pembeni na kugeuka ghafla kinajikuta kimeuma chuma kingi kuliko mdomo wake, basi kinapiga kelele, mashine inatetemeka, na uso wa chuma unabaki na mawimbi kama bati la kuezekea. Kisu kinachokata kwenda na kurudi bure ni kama lori linalopanda Newala tupu: linakula mafuta na halileti kitu. Kwa hiyo tulupathi yangu inakitaka kisu kiingie kwa mteremko, kikate ukanda mwembamba usiobadilika unene, kiizunguke kona kwa upana, na kisirudi kitupu. Kikifanya hivyo unaweza kukikimbiza mara mbili na hakitetemeki. Haraka bila kutetemeka! Hiyo ndiyo kaulimbiu yetu. Nikisema haraka, ninyi semeni bila kutetemeka. Haraka!

("Bila kutetemeka!")

Haraka!

("Bila kutetemeka!" Mama Lois bado amesimama, ameshika kanga tupu aliyokuja nayo kufungia gia.)

Mambo haya yote niliyasoma katika kijitabu chenye picha za rangi, na yale ambayo sikuyaelewa nimeyapitisha kama yalivyo.

Sasa nije kwenye takwimu, maana hotuba bila takwimu ni maongezi. Tangu mashine hii isimamishwe hapa Lisekese, tumepima utendaji wake kwa viwango vya kimataifa. Mtetemo: asilimia sifuri. (Makofi.) Sirudii kwa majivuno, narudia kwa sababu mmenipigia makofi: sifuri! Kiwanda gani duniani kimefikia sifuri? Kelele: sifuri. Mlinzi wetu analala ubavuni pake na hajawahi kushtuka. Visu vilivyovunjika: sifuri. Ajali kazini: sifuri. Matumizi ya umeme: sifuri, na hili ni jambo la kujivunia kwa namna ya pekee, kwa kuwa Lisekese umeme haujafika. Upotevu wa chuma umepungua kwa asilimia mia moja. Prodaktiviti, yaani tija, imetulia. Haipandi wala haishuki, na wanauchumi wote wanapenda kitu kilichotulia.

(Minong'ono. Mwalimu Oscar, mwalimu wa hesabu aliyefika na baiskeli, anainua mkono na hasubiri kuitwa: "Bwana Mratibu, kwa ruhusa yako. Imechonga vipuri vingapi?")

Mwalimu, swali lako ni zuri na linaonyesha ulivyosoma. Nakujibu hivi. Mashine ya kawaida inakimbilia kuchonga, halafu inatetemeka, halafu inaharibika. Sisi tumeanza na kutotetemeka. Kuchonga ni awamu ya pili.

("Basi iwashwe tuione.")

Mwalimu, ukiwasha mashine iliyofikia sifuri, unadhani itabaki sifuri? Utaniharibia takwimu.

(Kicheko. "Ifunueni basi!" wanasema akina mama wa Mkunya kwa pamoja. "Ifunueni! Tumeshuka mlima wote huo kuona turubai?" Honi. Sauti ya Marko kutoka mlangoni: "Mama Lois, mimi nakwenda! Nikiingiliwa na giza kwenye zile kona usinilaumu!")

Ndugu Marko, toa kichwa chako mlangoni, hii ni shughuli ya serikali, au karibu na serikali. Haya. Ratiba ilimtaka Mgeni Rasmi afunue, na kwa kuwa kiti chake hakiwezi kufunua, nitafunua mimi kwa niaba ya kiti. Piga ngoma. Hakuna ngoma? Piga makofi. Moja, mbili, na... hii hapa!

(Turubai linaanguka. Umati unashusha pumzi. Mashine ni ndefu kuliko mtu, imepakwa rangi ya kijivu inayong'aa, ina mikono ya kuzungushia, meza yenye mifereji, namba ndogo ndogo zilizopangika vizuri, na kisu kilichoning'inia juu na kingo zake zote. Ubavuni, katikati ya duara, ipo gia moja ya chuma inayong'aa kwa mafuta. Wazee wanavua kofia. Hata wafanyabiashara wanatoka kivulini.)

Nimewaambia! Sasa nani ana swali?

("Hicho ni nini hapo chini?" anauliza mmoja wa akina mama wa Mkunya, akionyesha kichuguu cha unga laini, wa rangi ya kahawia, chini ya meza ya mashine.)

Hayo, mama, ni mabaki ya uzalishaji. Mnaona wenyewe kwamba kazi inaendelea hata sisi tukiwa hatupo.

(Mama yule anainama, anachukua unga kwa kidole, anaunusa. "Uzalishaji? Huu ni unga wa dumuzi. Makopa yangu ya mwaka jana yalitoa huu huu." Anaugeukia umati. "Jamani, ya kwetu Mkunya ya chuma imesimama, na hii ya Lisekese inasaga!" Kicheko kinalipuka mpaka popo waliobaki wote wanatoka.)

Kimya! Kimya, ndugu wananchi! Mdudu kuipenda mashine yetu ni uthibitisho wa...

("Gia yangu!" Mama Lois amefika mbele, ameinama kwenye ubavu wa mashine, na sauti yake haina kicheko. "Hii hapa. Hii alama nyekundu niliipaka mimi mwenyewe, kwa rangi ya kucha ya Lois, ili fundi ajue jino lipi linakutana na lipi. Na yale meno mawili yaliyovunjika yamegeuzwa chini yasionekane.")

Mama Lois, hebu ondoka kwenye eneo la usalama. Gia hiyo haikuibwa. Gia hiyo imepandishwa cheo! Ilikuwa kipuri, leo ni kivutio. Na kwa vile uvumilivu umekwisha kabla ya ukurasa wa saba, nitaruka moja kwa moja kwenye shukrani, na katika shukrani hizo kila mtu atajibiwa.

Kwanza nawashukuru wajumbe wa Kamati yetu, ambayo itateuliwa mara tu baada ya uzinduzi huu. Nawashukuru wahandisi wetu, ambao nafasi zao zitatangazwa. Namshukuru mwenye bohari, ambaye hajui kama tumo. Nawashukuru watengenezaji wa mashine halisi huko ng'ambo, ambao tunakusudia kuomba kibali cha kuwaandikia kuwauliza kama bado wanaitengeneza. Na kwa moyo wote namshukuru fundi wetu, Mzee Gasper wa Newala, Baba Julia, simama mzee wangu wakuone. Huyu ndiye aliyekaa na shina la mkorosho mzee na picha moja ya kalenda iliyokuwa ukutani kwangu, akachonga kila kitu mnachokiona, kuanzia meza hadi namba, kwa namna ambayo hata mimi niliyeiagiza, asubuhi moja nilitafuta pa kuiwashia!

(Mzee Gasper anasimama taratibu nyuma ya umati, mwenye aibu. "Mimi niliambiwa ni ya maonyesho," anasema. "Nikadhani mashine yenyewe ipo, na hii inawekwa barabarani kama kibao cha duka. Nilimwambia Bwana Mratibu kwamba mti wa mkorosho utaliwa na wadudu. Akasema mgeni anapita mara moja tu.")

Na hakupita hata hiyo mara moja, mzee wangu, kwa hiyo tumeokoa pia gharama za mapokezi.

("Na gia, Baba Julia?" anauliza Mama Lois.)

("Gia alinipa yeye. Alisema lazima pawe na kitu kimoja mtu akikigonga kilie." Mzee Gasper anakuja mbele, watu wanampisha. Anachomoa patasi kwenye mfuko wa koti. "Ngoja, mama. Nimeikaza kwa kigingi kimoja tu.")

Mzee Gasper! Mzee Gasper, usiiguse, hicho kigingi ndicho... Ndugu wananchi, tunaposhuhudia hatua hii ya matengenezo ambayo ilikuwemo kwenye ratiba, naomba tuendelee na kaulimbiu yetu kwa sauti moja. Haraka!

(Wote wanatazama patasi. Mzee Gasper anagonga mara chache, anakizungusha kigingi, anagonga upande wa pili, hana haraka.)

("Mzee, lori," anasema Mama Lois polepole.)

("Nikikimbilia, ubavu utapasuka na gia itaangukia sakafuni. Ikipata ufa mwingine utampelekea nini fundi wako?" Anapuliza unga wa dumuzi, anagonga tena. Gia inatoka. Anaipokea kwenye kiganja na kuiweka ndani ya kanga. Mashine inaegemea kushoto.)

Haijaanguka! Mmeona? Uthabiti! Kipuri kimetoka na bado...

(Kisu kinadondoka. Kinapiga sakafu ya saruji kwa sauti ya mwiko wa ugali, kinabingirika mpaka kwenye miguu ya kiti cha Mgeni Rasmi.)

Hiyo ni... hiyo ni awamu ya pili, ndugu zangu. Imeanza. Tuandikieni kwamba imeanza. Nawashukuru kwa kuja, nawashukuru kwa maswali, nawashukuru zaidi wale ambao hawakuuliza. Soko huria oyee! Vipuri oyee! Optimaizesheni!

(Honi ndefu. Mama Lois ameshafunga kanga, amejitwisha gia kichwani, akina mama wenzake wanamfuata, mmoja ameshakimbia mbele kumzuia Marko mlangoni mwa lori. Anapopita meza kuu anasimama kidogo na kukunja magoti, kama anavyomwamkia kila mkubwa.

"Ahsante, Baba Mratibu, kwa kunitunzia. Kweli haijatetemeka."

Halafu anatoka. Watu wanatoka nyuma yake, kwanza wachache, kisha wengi, kusaidia kulisukuma lori, maana Marko alikuwa amekwishalizima kwa hasira na sasa limegoma kuwaka. Walimu wanachukua baiskeli zao. Mzee Gasper anaokota kile kisu cha mkorosho, anakipangusa, anakitia mfukoni pamoja na patasi. Nje lori linawaka, linakohoa, watu wanashangilia kuliko walivyoshangilia ndani siku nzima, na mlio wake unapotea taratibu kwenye barabara ya Newala.)

Ndugu wananchi waliobaki... Ndugu Kiti. Kabla sijafunga rasmi, kwa heshima na taadhima, naomba mtu mmoja tu aje anisaidie kuishikilia hii meza ya mashine. Mkono mmoja siwezi kuuondoa, mashine itaniangukia, na karatasi ya kumalizia hotuba iko mfuko wa upande huu.